Tusikilize Kwanza, Tulinganishe Baadaye: Mhadhara kuhusu Zama za Hip Hop

  Nawashukuru waandaaji kwa kunipa jukwaa hili, na zaidi kwa kukubali kwamba muziki ulioitwa uhuni miaka 30 iliyopita unastahili kujadiliwa katika ukumbi wa wasomi.

Mada yangu mnaifahamu, kwani hakuna kijiwe wala saluni ya kiume mjini hapa isiyokuwa nayo. Mmoja atasema hip hop iliishia kwa kina Professor Jay na Solo Thang, na kwamba siku hizi watu wanabwabwaja tu juu ya biti. Mwingine, ambaye alikuwa bado hajazaliwa albamu ya Professor Jay, *Machozi Jasho na Damu*, ilipotoka, atajibu kwamba wakongwe walibahatika kuwa wachache, na kwamba Young Lunya angewafunika wote mapema tu. Sauti zinapanda, simu zinatolewa mfukoni, ngoma zinapigwa nusu nusu, na kila mtu anaondoka na msimamo aliokuja nao.

Lengo la mhadhara huu ni kuonyesha kwamba kulinganisha zama ni kazi yenye heshima, lakini sisi tunaifanya kwa kukumbuka badala ya kusikiliza. Nitatoa hoja tano. Nne za kwanza zinaeleza kinachotupotosha. Ya tano inaeleza tunachokosa. Mifano itatoka Marekani, hip hop ilikozaliwa, na Afrika Mashariki, ilikojifunza Kiswahili.

Kabla ya hoja zenyewe, niutetee ulinganishi. Wapo wanaoukatisha mjadala kwa kusema kila zama na kitabu chake. Ni kweli, lakini kitabu huandikwa kisomwe, na kikishasomwa msomaji ana haki ya kusema kipi kimemfaa. Tena hip hop ni sanaa ya ushindani tangu utoto wake. Inahesabiwa kuanza tarehe 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc alipopiga muziki kwenye sherehe ya jengo namba 1520, Sedgwick Avenue, huko Bronx, New York. Tangu miaka hiyo madijei walipimana kwa vyombo, wachezaji kwa miguu, wachanaji kwa ulimi. Sanaa iliyolelewa na mashindano haiwezi kuomba isilinganishwe. Inachoweza kudai ni mizani ya haki.

Hoja ya kwanza: Tunalinganisha kilichobaki na kila kilichopo

Anayezisifu zama zilizopita ana mchele uliokwisha kupepetwa. Anayezitetea zama za sasa ana mpunga mzima, pamoja na makapi yake. Ndiyo maana wa kwanza hushinda kwa urahisi.

Chukueni mwaka 1990 nchini Marekani. Mpenzi wa hip hop anayeukumbuka leo atawatajia Public Enemy na *Fear of a Black Planet*, au A Tribe Called Quest na albamu yao ya kwanza. Atasema: hizo ndizo zilikuwa nyakati. Lakini Wamarekani walio wengi walikuwa wakinunua nini mwaka huo? Albamu ya MC Hammer, *Please Hammer, Don't Hurt 'Em*, ilikaa kileleni mwa chati ya Billboard kwa jumla ya wiki 21. Ikafuatiwa na *To the Extreme* ya Vanilla Ice, iliyokaa kileleni wiki 16. Hao ndio waliotawala redio na televisheni, na wapenzi wakubwa wa hip hop wa wakati huo walilalamika kwamba muziki wao umeuzwa kwa watu wa kucheza na kuvaa suruali pana. Malalamiko yale yale tunayoyasikia leo.

Tena Vanilla Ice anatuhusu. Mwaka 1991 Saleh Jabir, kijana wa Dar es Salaam, alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza, na akapata jina kwa kutia maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa *Ice Ice Baby*. Wimbo ambao wajuzi wa Marekani waliudharau ndio uliowafungulia wengi wetu mlango wa kuchana kwa Kiswahili. Anayetupa cha leo kwa kuwa ni chepesi ajiulize kama anajua kitazaa nini.

Kumbukumbu ina upendeleo mwingine pia. Muulize shabiki akutajie wachanaji kumi wa Tanzania wa mwanzo wa miaka ya 2000. Atataja Sugu, Professor Jay, Juma Nature, Afande Sele, Fid Q, na ataendelea hadi kumi bila kumtaja mwanamke hata mmoja. Lakini Zay B na Sister P walikuwepo, nyimbo zao zilipigwa, na ushindani wao ulizungumzwa mitaani. Leo shabiki huyo huyo anawaona Rosa Ree, Chemical na Frida Amani, anadhani wanawake wameanza juzi. Dada zangu mnaotikisa kichwa pale kushoto, mnajua ninachosema: orodha ya wakongwe bora inaonyesha ni nani alihesabiwa kuliko inavyoonyesha ni nani alichana.

Hoja ya pili: Kila zama ilibanwa na vyombo vyake

Mara nyingi tunachokiita ladha ya zamani ni matokeo ya mashine na sheria. Nitaeleza kwa kina kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mashabiki wengi hawafiki.

Mwaka 1987 kampuni ya E-mu ilitoa mashine ya SP-1200. Prodyuza aliitumia kunyofoa kipande cha santuri ya zamani na kukigeuza biti. Uwezo wake wote wa kuhifadhi sauti ulikuwa kama sekunde 10. Maprodyuza wa New York wakabuni mbinu: wanaipiga santuri kwa kasi ya 45 badala ya 33, kipande kinaingia kikiwa kifupi, kisha wanakipunguza kasi ndani ya mashine. Sauti ilirudi ikiwa na mkwaruzo na vumbi. Mkwaruzo ule, ambao wapenzi wa miaka ya 1990 wanauita roho ya hip hop, ulizaliwa na uhaba wa nafasi, na mafundi waliugeuza kuwa uzuri. Sifa ni yao, lakini tusimlaumu kijana wa leo mwenye kompyuta isiyo na uhaba huo kwa kuwa sauti yake ni safi.

Kisha sheria. Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya Biz Markie aliyetumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila kibali. Tangu hapo kila kipande kikawa na bei. Albamu kama *3 Feet High and Rising* ya De La Soul, ya mwaka 1989, iliyoshonwa kwa vipande vya nyimbo nyingi za wengine, ikawa ghali mno kutengenezwa upya. Haki za vipande hivyo ni miongoni mwa sababu zilizoiweka nje ya huduma za kusikiliza muziki mtandaoni hadi Machi 2023. Biti zilipobadilika baada ya hapo, mahakama ilikuwa na mkono wake, sambamba na vipaji.

Tuje nyumbani. Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, Tanzania Bara ilitegemea redio ya taifa peke yake. Redio za watu binafsi zilipoanza, Radio One ikiwemo mwaka 1994, ndipo hip hop ya Kiswahili ikapata masikio. Studio zilikuwa za kuhesabika: Mawingu, MJ Records, Bongo Records ya P-Funk Majani, na chache nyingine. Kijana alisubiri zamu, akalipia muda, na mara nyingi alipaswa kumridhisha prodyuza kwanza. Ngoma ikikamilika ilikwenda kwa msambazaji wa kanda, na wengi walilalamika kwamba waliambulia kidogo sana huku nakala za wizi zikiuzwa waziwazi. Mlango ulikuwa mwembamba, na waliopenya walikuwa wamejinoa muda mrefu kabla ya kushika maiki. Ulihifadhi ubora, ndiyo, lakini uliwafungia nje pia wenye vipaji waliokosa nauli ya kufika Dar es Salaam.

Leo mlango ni mpana. Kijana wa Mbeya au Kigoma anarekodi chumbani na kupandisha ngoma usiku ule ule. Lakini upana huo una masharti yake. Spotify, kwa mfano, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Msanii anayelipwa kwa hesabu hiyo anajua kwamba utangulizi mrefu unamfukuza msikilizaji kabla hajahesabiwa. Kiitikio kinakuja mapema, beti ya tatu inatoweka, wimbo unafupishwa. Mnaowalaumu vijana kwa nyimbo fupi mna haki ya kulalamika, ila pelekeni sehemu ya lawama kwa anayepanga malipo.

Hoja ya tatu: Ufundi haukutoweka, umehama mahali pa kukaa

Shabiki wa zamani anapopima, hupima vina na maana. Ni vipimo vizuri, na sisi Waswahili tumevirithi kwa washairi wetu. Fid Q wa Mwanza hata aliipa albamu jina la *Vina Mwanzo Kati na Mwisho*, lugha ambayo mwalimu yeyote wa ushairi anaielewa. Lakini vina vyenyewe vinahitaji sikio. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo kina cha silabi moja ya mwisho ni rahisi mno. Anayefunga mstari kwa “kula” na unaofuata kwa “kulala” hajatoka jasho. Anayepanga “matatizo” na “makatizo”, tena akayapa maneno hayo maana iendayo mbele, amefanya kazi: silabi tatu zinakubaliana kabisa na ya nne inakubaliana kwa irabu. Nawaombeni, mkisikiliza wimbo wowote, wa 1998 au wa wiki iliyopita, hesabuni silabi ngapi zinakubaliana. Mtawakuta wakongwe wenye vina vya bei rahisi na chipukizi wenye vina vya dhahabu, na kinyume chake.

Kuna kipimo cha pili kinachosahauliwa, nacho ni jinsi sauti inavyokaa juu ya mdundo. Mstari mmoja wa hip hop huchukua mapigo manne, na beti ya kawaida ni mistari 16. Katika biti yenye mapigo 90 kwa dakika, kasi ya kawaida ya zamani, beti hiyo hudumu sekunde 43 hivi. Mistari hiyo hiyo 16 ikihesabiwa katika mapigo 140 huisha kwa sekunde 27. Mchanaji wa kwanza ana nafasi ya kusimulia kisa chenye wahusika, mahali na mgogoro. Wa pili analazimika kukata maneno, kugawa pigo moja kwa silabi tatu, kupandisha na kushusha sauti, kunyamaza ghafla na kurudi. Wasikilizeni Wakadinali wa Nairobi: namna wanavyoipasua sentensi ya Sheng na kuitawanya juu ya ngoma nzito ni ufundi ambao Kalamashaka, wazee wao wa Dandora, hawakuuhitaji, kwa kuwa mdundo wao ulidai jambo jingine.

Mabishano haya si mapya katika lugha yetu. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi*, akaweka wazi kanuni za vina na mizani. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyofuata kanuni hizo, na wanamapokeo wakasema hayo si mashairi ya Kiswahili. Ulikuwa ugomvi mkali, wa kurasa nyingi. Leo mwanafunzi wa sekondari anasoma mashairi ya aina zote mbili, na hakuna iliyoiua nyingine. Kilichowezesha hilo ni kwamba pande zote ziliandika: zilitaja beti, zikazichambua, zikajibizana kwa ushahidi. Naomba tuukumbuke mfano huo tutakapofika hoja ya tano.

Mkinidai hukumu, sitaikwepa. Kwa usimulizi wa visa virefu na kwa kuichora jamii, kizazi cha miaka ya 1998 hadi 2005 cha Tanzania bado kinaongoza. Kwa kuitawala sauti, kwa kubadili kasi, na kwa kuchana juu ya midundo ya aina nyingi, kizazi cha sasa kimekwenda mbali zaidi. Atakayenipinga aje na nyimbo, nitamsikiliza.

Hoja ya nne: Ujumbe haukuwa mali ya zama moja

Dai zito kuliko yote ni kwamba zamani kulikuwa na ujumbe na sasa kuna anasa. Dai hili lina chembe ya kweli. *Ndio Mzee* ya Professor Jay, iliyotoka mwaka 2001, ilimchora mgombea anayeahidi yasiyowezekana mbele ya umma unaoitikia kila neno. Nchi nzima ilimtambua mtu huyo bila kutajiwa jina. Wagosi wa Kaya wa Tanga waliimba kuhusu huduma za hospitali na hali ya mji wao kwa lafudhi ya kwao. Kazi hizo zilifanya kazi ya gazeti.

Lakini Professor Jay huyo huyo, mwaka 2003, alitupa *Zali la Mentali* akiwa na Juma Nature, kisa cha mapenzi kati ya mtu wa hali ya chini na mwanamke mwenye mali, na tuliupenda sana. Hakuna aliyemwambia amesaliti hip hop. Starehe, mapenzi na kujisifu vilikuwepo tangu mwanzo. Tumevisahau kwa sababu tunazitaja nyimbo za ujumbe tu tunapotaka kushinda ubishi.

Na ujasiri haukuisha na kanda za kaseti. Machi 2017 mchanaji Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake *Wapo*, ukapigwa marufuku, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Mwezi uliofuata mchanaji mwingine, Roma, alitekwa pamoja na wenzake wakiwa studio Dar es Salaam, wakaonekana siku chache baadaye. Tunapouliza kwa nini vijana hawasemi kama zamani, tuulize pia bei ya kusema ni kiasi gani sasa na ilikuwa kiasi gani wakati ule. Mwenye kulinganisha ujasiri bila kulinganisha hatari amepima nusu.

Wazee wangu wa safu ya mbele, mtakumbuka jinsi mlivyowatazama vijana wa suruali pana wa mwaka 1995. Wapenzi wa dansi na taarabu walisema hawa ni wahuni, wanaiga Wamarekani, hawajui kupiga chombo chochote. Mwaka 2010 Sugu akachaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini. Mwaka 2015 Professor Jay akawa Mbunge wa Mikumi. Waliodharauliwa wakaenda kutunga sheria. Inanisikitisha kuona waliopigwa kwa fimbo ile wakiiokota na kuwachapa wadogo zao.

Hoja ya tano: Mjadala wetu hauna kumbukumbu

Hapa ndipo penye jeraha. Mabishano ya Marekani, hata yanapopamba moto, yana pa kurejea. Maktaba ya Bunge la nchi hiyo iliuingiza wimbo *The Message* wa Grandmaster Flash and the Furious Five katika hazina ya sauti za taifa mwaka 2002. Chuo Kikuu cha Cornell kina mkusanyo wa hip hop tangu 2007, wenye santuri, picha na vipeperushi vya sherehe za Bronx. Mwaka 2018 Kendrick Lamar alipewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa albamu ya *DAMN.*, na waliobisha waliweza kuiweka kando ya *Illmatic* ya Nas ya mwaka 1994 na kusikiliza zote mbili mchana mmoja.

Sisi je? Kijana wa miaka 18 akitaka kusikiliza leo kazi zote za Kwanza Unit, kundi lililoundwa mwaka 1993, aende wapi? Akitaka *Funga Kazi* ya Hard Blasters, ya mwaka 2000, ikiwa kamili, kwa mpangilio wake, na majina ya waliotengeneza biti? Atapata nyimbo mbili tatu zilizopandishwa mtandaoni na mpenzi mwema, zikiwa na sauti ya kanda iliyochoka, bila tarehe wala majina. Kanda za kaseti zinaoza kwa joto na unyevu wa pwani. Watu waliokuwepo wanazeeka, na baadhi wametangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo tunapobishana, mmoja anatetea wimbo aliousikia akiwa na miaka 16, na mwenzake anapinga wimbo ambao hajawahi kuusikia. Mkongwe anadai heshima kwa kazi isiyopatikana. Chipukizi anaonekana mkosefu wa adabu kwa kutojua kitu ambacho hatukumhifadhia. Wote wawili wanaonewa.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wa waliomo humu.

Mosi, tuhifadhi. Vituo vya redio, studio na wasambazaji wa zamani wafungue makabati yao, na vyuo vyetu vyenye idara za muziki na Kiswahili vitoe vyumba, mashine na wanafunzi wa kuzihamishia kanda hizo kwenye mfumo wa kidijitali kwa idhini na faida ya wenye haki. Wakongwe wahojiwe wangali na nguvu, wataje tarehe, majina na bei.

Pili, tuandike uhakiki. Wimbo wa mchanaji unastahili kuchambuliwa kama shairi la Shaaban Robert linavyochambuliwa: beti kwa beti, kina kwa kina, pamoja na biti yake. Wanafunzi wa fasihi mnaotafuta mada ya tasnifu, hii hapa, na haijachoka.

Tatu, tukutanishe vizazi kazini. Rapcha, kijana wa kizazi hiki, alifanya kazi chini ya Bongo Records ya P-Funk Majani, prodyuza aliyewasimamia wakongwe wengi niliowataja. Katika ushirika wa namna hiyo mdogo hupata siri za mlango mwembamba, na mkubwa hupata masikio mapya. Ushirika huo unatakiwa kuwa desturi.

Tukiyafanya hayo, ubishi wa kijiweni hautakwisha, na sitaki uishe. Utapata uzito. Mtu akisema zamani walijua, ataombwa ataje wimbo, auweke, na asikilize jibu la mwenzake hadi mwisho wa beti. Watoto wetu watakapokuja kuwalinganisha Young Lunya na Wakadinali na wachanaji ambao bado hawajazaliwa, wakute ushahidi umepangwa na milango ya maktaba iko wazi. Kazi hiyo ianze mwaka huu, na ianzie kwetu.